Mwacha Asili Hupoteza Watazamaji

Yapo malalamiko ambayo wakubwa huyapuuza kwa kuwa hayahusu maji, barabara wala mbolea. Mojawapo ni la mtu aliyefuatilia mchezo wa televisheni kwa miaka, akaupenda, kisha akauona unalegea mbele ya macho yake. Akilalamika huambiwa kwamba huo ni mchezo tu. Sisi twasema kuwa lalamiko hilo ni la haki, na lina funzo kwa wenye madaraka.

Hapa Itiryo, katika vilima vya Tarime, wapo watu wazima ambao ukiwatajia Isidingo hutabasamu kwanza, kisha hutikisa kichwa. Miaka ya 2000, ITV ilipokuwa ikiuonyesha mchezo huo wa Afrika Kusini, umeme ulikuwa bado ndoto kwa vijiji vyetu vingi. Sisi vijana wa wakati huo tulitembea hadi penye jenereta, tukachangiana mafuta, tukabanana katika benchi moja. Asiyejua Kiingereza alitafsiriwa na jirani yake, na mjadala uliendelea njiani usiku hadi kila mtu afike kwao.

Kwa nini tuliupenda? Isidingo ilianza Julai 1998 katika televisheni ya SABC, miaka minne tu baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa. Mtunzi wake, Gray Hofmeyr, aliiweka katika mji wa kubuniwa wenye mgodi wa dhahabu, uitwao Horizon Deep. Jina lenyewe maana yake ni haja. Mle tuliwaona wachimbaji, mameneja na familia zao, weusi kwa weupe, wakijifunza kuishi pamoja. Aidha, kupitia Nandipha, aliyeigizwa na Hlubi Mboya, tulimwona binti mwenye virusi vya UKIMWI akiishi kwa heshima, wakati ambapo vijijini ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona.

Kwa mtu wa Tarime mambo hayo hayakuwa ya mbali. Mgodi wa North Mara, kule Nyamongo, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Nani achimbe, nani ahesabu faida, na mwenye shamba apate nini: maswali hayo tuliyasikia katika mchezo na tuliyasikia vijiweni. Tulikuwa tukijitazama wenyewe.

Baadaye, taratibu, mchezo ukahama. Kitovu cha hadithi kikatoka mgodini, kikaingia katika ofisi za kituo cha televisheni na katika sebule ya tajiri Barker Haines. Hila zake na za Cherel zilitusisimua, hatukatai. Lakini hila ni chumvi, haziwezi kuwa chakula. Cherel akaondoka, baada ya miaka akarejeshwa. Machoni petu mgodi ukawa pazia la nyuma, na mchimbaji akawa mpita njia. Watu wakaanza kuondoka bendini mmoja mmoja, bila ugomvi. Tarehe 12 Machi 2020 Isidingo ikafungwa, na SABC wenyewe wakataja kupungua kwa watazamaji.

Tuwe waadilifu. Miaka zaidi ya ishirini ni mingi kwa mchezo wowote, na washindani waliongezeka. Ng'ombe mwema naye hukauka maziwa, na mfugaji mwenye busara hujua siku ya kuacha kumkamua. Wala maradhi haya si ya Afrika peke yake. Mwaka 2019, mchezo wa Marekani uitwao Game of Thrones ulipomalizwa kwa pupa, watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Hawakutengenezewa. Lakini walithibitisha kwamba mtazamaji hujihesabu kuwa mwenye hadithi pia.

Nyumbani tuna mfano wa aina nyingine. Siri ya Mtungi, iliyochezwa Bagamoyo kwa Kiswahili safi na kuanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2012, ilionyesha kwamba tunaweza. Ilikwenda misimu miwili, ikasita. Iligharimiwa kwa fedha za msaada wa Marekani, na mtungi wa kuazima hurudi kwa mwenyewe. Isidingo ilidumu hadi ikachuja. Ya kwetu haikupewa hata nafasi ya kuchuja.

Ndugu zetu wa Visiwani watatuelewa upesi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Kiswahili fasaha kiko kwao, waigizaji wako kwao. Hata hivyo, Unguja kama Itiryo, jioni wengi wetu huketi kutazama michezo ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hatuilaumu, inapendwa, na inathibitisha nguvu ya lugha yetu. Twauliza tu: je, mvuvi wa Pemba na mchimbaji wa Nyamongo hawana hadithi?

Kwa maofisa wanaohusika na utangazaji, Bara na Visiwani, tunatoa rai tatu. Kwanza, TBC na ZBC zishirikiane kugharimia mchezo mmoja kwa fedha za ndani, hata kama ni mdogo. Pili, watunzi walipwe vizuri na waandike mwisho kabla ya kamera kuwashwa. Tatu, mchezo ukianza kijijini usihamishiwe ghorofani kwa sababu tu ghorofa inang'aa.

Nasi wa Chama tusijifanye watazamaji wa mbali. Nani asiyejua boma la darasa lililopandishwa kwa ngoma na hotuba, likaishia kwenye lenta? Chuoni tulifundishwa kwamba amali hupimwa kwa hatima yake. Wananchi waliolikoroga lile zege kwa mikono yao ndio wale wale walioondoka bendini mmoja mmoja. Hawakupiga kelele, na kimya chao kisidhaniwe kuwa ni kuridhika.