Bei Dukani, Gharama Jikoni

Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi twawaona wananchi wenzetu, askari na raia, wakitoka madukani na vyombo vya jikoni walivyovichagua kwa kipimo kimoja tu: udogo wa bei. Hatuwalaumu, kwani na sisi tumo.

Miaka michache iliyopita tulinunua jiko la umeme katika duka ambalo hatutalitaja. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya lile lililowekwa kando yake, nasi tukarudi nyumbani tukijiona werevu. Plagi yake ilikuwa ya meno mawili, hatukujali. Haukutimia mwezi wa tatu, mama wa nyumba alishika sufuria akarushwa na umeme hata akaanguka. Mungu alimlinda. Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya jino la tatu: huunganisha bati la chombo na ardhi, ili waya ukilegea ndani, umeme upite huko na fyuzi iungue, wala usipite mwilini mwa mpishi. Umeme wa majumbani hapa Uganda una nguvu ya volti 240, nao haufai kufanyiwa mzaha.

Na tutazame jiko la mkaa. Lile la bati tupu ni rahisi kuliko lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo lilianza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 1980. Lakini udongo huzuia joto lisitoroke pembeni, na mkaa hupungua. Tuseme limezidi bei kwa shilingi 15,000, na nyumba itumiayo mkaa wa shilingi 3,000 kwa siku ikaokoa theluthi moja. Hiyo ni shilingi 1,000 kila siku. Siku ya 15 tofauti imekwisha kurudi, na kuanzia siku ya 16 jiko lamlipa mwenyewe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kilicho ghali ni bora. Wapo wabandikao jina kubwa juu ya chombo hafifu, na zipo blenda zenye vitufe kumi ambavyo viwili tu ndivyo hutumika. Yafaa mnunuzi akague waya na plagi, atafute alama ya shirika la viwango, adai hati ya dhamana, na aulize kama vipuri vyapatikana.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mshahara hautoshi. Ni kweli. Basi na tununue chombo kimoja imara badala ya vitatu dhaifu, na tuvumilie jiko la zamani mwezi mmoja zaidi.

Katika shule ya kadeti tulifunzwa kwamba afisa hali mpaka askari wake wamekula. Maana yake ni kwamba mwenye amri hukumbuka kwanza yule atakayebeba mzigo. Nyumbani kwetu atoaye fedha mara nyingi siye asimamaye mbele ya moto. Sisi tulifurahia bei. Mwenzetu ndiye aliyeangushwa. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kabla ya kufungua mkoba hapana budi tumwulize atakayekitumia chombo hicho. Na ikiwezekana, twende naye dukani.