Kiangazi Huanzia Kibuyuni

Kila mwaka, kiangazi kinapokaza, ng'ombe wa Kilosa hugeuka suala la polisi. Ameingia shambani, amekamatwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Nadai kwamba habari hiyo tunaisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza umo kibuyuni.

Takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji. Malisho yakikauka na maji yakiwa mbali, maziwa hupungua mapema, kabla mifugo haijaanza kufa. Katika maboma ya Wamaasai wilayani Kilosa, maziwa ni mamlaka ya wanawake: ndio wanaokamua, wanaogawa na wanaouza. Mama huyo hukiona kiangazi kibuyuni kabla mchungaji hajaanza kuyatamani majani ya bonde la Mkata, ng'ambo ya mpaka wa hifadhi.

Uholanzi, ambako roboti za kukamua zilianza kutumika mashambani mwaka 1992, kompyuta huandika lita za kila ng'ombe. Joto likipanda na maziwa yakashuka, mfugaji huona tarakimu, akaongeza maji na kuwasha feni. Kilosa haina haja ya kungoja roboti. Mwenye kupima yupo, hatujamuuliza.

Gharama ya uzembe tunaifahamu. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba ukame ndio ulioua. Siasa za ardhi na mipaka ya vijiji zina sehemu yake. Lakini ng'ombe mwenye njaa hutia moto katika kuni zilizokwisha kupangwa.

Wapo watakaosema dawa ni kupunguza mifugo. Huenda ikawa hivyo, ila hata ng'ombe wachache hawali ahadi. Tangu mwaka 2010 tuna sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Basi nyasi zivunwe masika yanapoisha, zingali na rutuba, zifungwe marobota. Malambo yazibuliwe kabla ya mvua. Naye afisa mifugo wa kata aandike kila wiki lita za kaya chache; zikishuka, ghala lifunguliwe.

Kiangazi hakijawahi kutuvamia kwa siri. Kina miezi yake katika kalenda. Nawauliza wasomaji wangu mlio katika halmashauri: daftari hilo na kalamu yake vitagharimu shilingi ngapi?