Seli si kompyuta jamani, seli ni Soko la Burma

Kuna msemo ambao sisi watengenezaji programu tunaupenda kupita kiasi: seli ni kompyuta, DNA ni programu yake. Kila kijana aliyeandika programu mbili tatu anaurudia kana kwamba ameivumbua biolojia upya. Leo naupinga, na si kwa kupenda ubishi tu. Naupinga kwa sababu mtu akiuamini sana unaweza kumuua.

Tuanze na usafirishaji. Ukinitumia faili kwenye mtandao, kwa kweli hutumi faili, unatuma nakala. Lako linabaki kwako, langu linafika kufumba na kufumbua. Kipande kikipotea njiani, kinatumwa kingine. Bure kabisa.

Seli haina anasa hiyo. Chukua neva inayotoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu. Ni seli moja yenye mkia wa karibu mita 1. Protini zake nyingi hutengenezwa juu karibu na kiini, nazo zinahitajika huko chini. Zikiachwa zielee zenyewe, miaka 1,000 haitatosha kuzifikisha. Kwa hiyo hubebwa.

Nenda Soko la Burma, pale Jogoo Road, asubuhi nyama ikishushwa. Hakuna anayetuma nakala ya mguu wa ng'ombe. Mguu ni mmoja, una uzito, na kuna mtu lazima autie begani apite katikati ya msukumano. Hiyo ndiyo seli. Barabara zake ni mikrotubuli, mirija ya protini yenye upana wa nanomita 25. Mahamali wake ni protini pia. Wa kwanza ni kinesini, aliyetambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz katika neva za ngisi. Ana "miguu" miwili, hupiga hatua za nanomita 8, na kila hatua humgharimu molekuli 1 ya ATP. Katika mkia wa neva yeye hupeleka mzigo nje, kuelekea ncha. Wa pili ni dainini, ambaye huurudisha ndani, kuelekea kiini.

Tena hawatembei kwa utulivu kama roboti wa kiwandani. Molekuli za maji zinawagonga kila upande. Kinesini mmoja peke yake huanguka baada ya hatua kama 100, ndiyo maana mzigo mmoja hushikwa na mahamali kadhaa. Mara nyingine kinesini na dainini huvutana mzigo uleule. Mizigo ya haraka kabisa huenda hadi sentimita 40 kwa siku. KWA SIKU, si kwa sekunde.

Utaniuliza: sawa, lakini huo ni mfano tu, una ubaya gani? Ubaya wake ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, makadirio bado yanataja watu kama 2,000 wanaouawa nao nchini kila mwaka. Mpango wa taifa wa mwaka 2014 uliweka lengo la kuutokomeza ifikapo 2030.

Kirusi chake kina herufi kama 12,000 tu za RNA, na jeni 5. Zisome zote mwanzo hadi mwisho. Hutakuta injini, mguu wala gurudumu. Msimbo wote uko mezani na bado hujui kinafikaje ubongoni! Jibu ni kwamba kinadandia. Kinaingia kwenye ncha ya neva, kinafungwa kama mzigo mwingine wowote, na dainini, hamali wetu wenyewe, anakibeba kuelekea uti wa mgongo.

Sasa mtu aliyeumwa na mbwa, akifikiri kikompyuta, atakosea kwa njia mbili:

1. Atasema kirusi kimeshaingia, mambo yamekwisha, hospitali ya nini.
2. Au atasema wiki imepita, mashine bado inafanya kazi, basi sikuambukizwa.

Yote mawili ni makosa ya mtu anayedhani kirusi husafiri kama barua pepe. Hiki husafiri kama nyama ya Burma, na kabla ya kudandia kinaweza kukaa muda kwenye msuli. Dalili kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3, japo zinaweza kuja ndani ya wiki 1 au baada ya mwaka. Muda huo ndio nafasi yako. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali upate chanjo. Hata kama siku zimepita, nenda. Lengo ni kukikamata kituoni kabla hakijapanda. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Najua wenzangu watajibu kwamba mahamali wenyewe wameandikwa kwenye DNA, kwa hiyo msimbo bado ndio mfalme. Sikatai kwamba maelekezo ya kuwatengeneza yamo humo. Lakini maelekezo ya kutengeneza mkokoteni hayabebi gunia. Anayesoma maelekezo tu hajui mzigo utafika saa ngapi, na kwa aliyeumwa na mbwa, swali ni hilo la saa ngapi.

Kwa hiyo tuuache msemo huo, au angalau tusiufundishe kama ukweli. Anayepinga, karibu tubishane. Ila akiumwa na mbwa njiani, aoshe kidonda kwanza na aende hospitali. Ubishi utamngoja.