Kuchelewa Kwenyewe Ni Kupi?

Wahenga walituachia methali mbili zisizoketi pamoja kwa amani. Ya kwanza yasema samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema kawia ufike. Mwalimu wa Eastlands ambaye mwanafunzi wake wa miaka kumi na sita amemjia akisema anataka kuishi kwa kucheza baleti hana budi kuchagua mojawapo. Aghalabu huchagua ya kwanza, akamwambia kijana, kwa upole au kwa kejeli, kwamba wakati umempita. Wapo wachache wanaochagua ya pili na kumhakikishia kwamba penye nia pana njia, basi. Nadai kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kwamba kasoro yenyewe imo katika neno "kuchelewa", ambalo tunalitumia kwa maana mbili bila kuzitenganisha.

Suala hili si la anasa. Mnamo Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilianza Gredi ya 10 katika Sekondari ya Juu. Mikondo iliyowekwa mbele yao ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Lengo lililotangazwa na Serikali lilikuwa asilimia 60 wafuate mkondo wa kwanza, 25 wa pili na 15 wa tatu. Hivyo mtoto wa Dandora au Kayole, akiwa na miaka kumi na mitano hivi, huulizwa iwapo anataka kusomea sanaa ya jukwaani, ilhali huenda hajawahi kuingia katika ukumbi wa densi. Akikubali, ataambiwa amechelewa. Akikataa, itaandikwa kwamba hakuipenda.

Tuanze na maana ya kwanza ya kuchelewa, ile ya mwili, kwa sababu mwili haubembelezwi kwa maneno. Baleti imejengwa juu ya mkao usio wa kawaida. Miguu hugeuzwa nje kuanzia kwenye nyonga, mgongo hunyooshwa, na mcheza densi wa kike hufika mahali pa kusimama juu ya ncha za vidole. Viungo vya mtoto huyakubali mafunzo hayo kwa wepesi kuliko vya mtu aliyekwisha kubalehe. Ndiyo sababu Chuo cha Vaganova cha St. Petersburg huwachukua watoto wakiwa na miaka kumi hivi na kuwafunza kwa miaka minane. Hesabu yake si ngumu. Anayeanza akiwa na miaka 10 humaliza akiwa na 18, umri ambao makundi makubwa huajiri. Katika Opera ya Paris mcheza densi hustaafu akiwa na miaka 42. Anayeanza akiwa na 18, na kuihitaji miaka minane hiyo hiyo, atabisha hodi akiwa na 26, wakati wenzake wa rika moja wamekwisha kukaa jukwaani miaka minane. Mwalimu anayemficha mwanafunzi hesabu hii hamsaidii.

Hata hivyo, wapo waliovuka. Rudolf Nureyev, aliyezaliwa mwaka 1938, aliingia chuo cha Leningrad, ambacho ndicho hicho cha Vaganova, mwaka 1955 akiwa na miaka 17. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, katika kituo cha vijana cha mtaa wa San Pedro, California, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupanda hadi daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Majina haya hutajwa mno katika hotuba za kutia moyo, lakini ni nadra wasemaji kuyachunguza. Nureyev hakufika Leningrad akiwa mtupu. Alikuwa amecheza ngoma za kienyeji tangu utotoni katika mji wa Ufa, na kufundishwa huko misingi ya baleti na walimu waliokuwa wamewahi kuicheza. Wala Copeland hakuanza akiwa na 20. Alianza akiwa na 13, kisha akapata walimu waliomshughulikia kwa dhati. Funzo si kwamba nia hushinda umri. Funzo ni kwamba mwili uliokwisha kuzoea kucheza, ukikutana mapema na mwalimu stadi, huweza kufidia miaka kadhaa.

Hapa ndipo tunapoingia katika maana ya pili, ile ya mlango. Mkenya aliyejulikana zaidi katika sanaa hii ni Joel Kioko. Alilelewa Kuwinda, akaanza kujifunza akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, na mwaka 2017 akaenda London kusoma katika English National Ballet School. Kwa vipimo vya St. Petersburg, hakuchelewa sana. Lakini tuitazame ramani. Kuwinda ni mtaa wa mabanda unaopakana na Karen. Kibera, ambako Mike Wamaya alifundisha baleti katika madarasa ya shule hadi akawa miongoni mwa walimu 50 walioteuliwa kuwania tuzo ya kimataifa ya ualimu ya mwaka 2017, nako kuko upande huo huo wa magharibi. Sistahi bidii ya hawa wawili kwa kusema hivi. Nasema tu kwamba mwalimu na mwanafunzi walikuwa karibu vya kutosha kuonana.

Eastlands iko upande wa pili wa jiji, na haikufika huko kwa bahati mbaya. Wakoloni waliupanga mji kwa rangi za watu: Wazungu magharibi kwenye vilima na miti, Waafrika mashariki karibu na reli na viwanda. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa mpango huo, na mitaa iliyofuata ikaendelea kuelekea mashariki. Mtoto wa Korogocho anayetaka kufika kwenye studio ya magharibi mwa jiji huhitaji matatu mbili, nauli ya kwenda na kurudi, na mtu mzima wa kumsindikiza. Akiwa na miaka minane hawezi kwenda peke yake. Akiwa na kumi na sita anaweza. Ndipo huonekana kwa mara ya kwanza mlangoni, na ndipo huambiwa kwamba amechelewa! Huyu hakuchelewa, alicheleweshwa. Kiswahili kimetupa viambishi vya kutofautisha mambo haya mawili, nasi hatuvitumii.

Kwamba mlango waweza kusogezwa si ndoto. Tangu mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umewafundisha watoto wa Korogocho fidla na tarumbeta katika kanisa la Mtakatifu Yohana, si mbali na jaa la taka la Dandora. Muziki wa okestra hauna uenyeji mkubwa Korogocho kuliko ulio nao baleti. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtoto na mwalimu.

Je, yule ambaye tayari ana miaka kumi na sita? Kwake natafuta mwanga katika taaluma yangu ya isimu, maana sisi tumelibishania swali hili muda mrefu. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba kuna kipindi maalumu cha kujifunza lugha, na kwamba kipindi hicho hufikia ukomo mtoto anapobalehe. Tafiti zilizofuata zimeipinda hoja hiyo huku na huku, lakini jambo moja limesimama: kinachomponyoka zaidi mwanafunzi mkubwa ni lafudhi. Msamiati huendelea kuupata hadi uzeeni, na hata sarufi huweza kuimudu vizuri. Joseph Conrad, Mpolandi, alijifunza Kiingereza akiwa amevuka miaka ishirini. Alipozungumza, wasikilizaji walitambua mara moja kwamba yeye ni mgeni. Alipoandika riwaya, aliwapita wenyeji wengi. Hakuishinda lafudhi yake. Aliuchagua utanzu ambao lafudhi haisikiki.

Baleti ya kale, kwa mtazamo huu, ni utanzu ambao lafudhi ndiyo kila kitu. Mguu usiogeuka vizuri huonekana kama irabu iliyotamkwa vibaya. Lakini densi ina tanzu nyingine. Mwaka 1997, hapa Nairobi, Opiyo Okach, Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula waliunda Gàara, kundi la kwanza la densi ya kisasa nchini. Okach alikuwa amesomea uigizaji bubu London. Linyekula, Mkongo, alikuwa ametoka katika fasihi na tamthilia huko Kisangani. Hakuna aliyewakataa kwa sababu hawakushika ufito wa baleti wakiwa na miaka kumi. Mwaka 2001 Linyekula alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na kazi zake zimeonyeshwa katika majukwaa makubwa ya Ulaya. Katika utanzu huo, lafudhi ya mwili wako ndiyo hasa watu wanayokuja kuitazama.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usimwambie kijana wako "umechelewa", wala usimwambie "hujachelewa". Mwambie mlango upi umebaki mwembamba na upi ungali wazi. Nafasi ya kuwa mcheza baleti mkuu katika kundi kubwa la Ulaya ni finyu mno kwa anayeanza akiwa na miaka kumi na sita. Nafasi ya kuitumia baleti kama sarufi ya kumjenga, kisha akawa mcheza densi ya kisasa, mtunzi wa densi au mwalimu, ingalipo. Nawe mwanafunzi, kumbuka kwamba umekulia katika mtaa ambako watoto huzungumza lugha ya mama, Kiswahili na Sheng kabla ya kumaliza shule ya msingi. Mtu wa lugha tatu haiogopi ya nne. Isukuti uliyoicheza kwenye harusi na densi uliyoicheza kanisani si kelele za kusahauliwa. Ni maandalizi, kama zilivyokuwa ngoma za Ufa kwa Nureyev.

Kwa wenye mamlaka nina hoja moja. Eastlands ina kumbi za kijamii tangu enzi za ukoloni, Kaloleni ikiwemo. Mkondo wa sanaa unaoanza Gredi ya 10 bila mwalimu wa densi katika Gredi ya 3 ni sawa na kumtahini mtoto kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia. Sakafu ya mbao katika ukumbi mmoja wa kila eneo bunge, na mwalimu mmoja anayelipwa kufika hapo mara mbili kwa wiki, si gharama ya kuishinda Kaunti ya Nairobi. Samaki wa Eastlands hakukataa kukunjwa. Alikuwa mbichi miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuja na mikono.