Kabla ya kufunga sola, tuhesabu matumizi ya nyumba

Familia nyingi hapa Dar es Salaam zinatuuliza iwapo kufunga sola kutazipunguzia gharama ya LUKU. Jibu letu ni kwamba kunaweza, kwa sharti moja: hesabu itangulie, fedha ifuate.

Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Miaka kadhaa iliyopita tulichukua akiba ya ada za watoto, tukanunua paneli moja na betri ya gari. Aliyeamua ni mwenye nyumba peke yake. Mama watoto hakuulizwa, ilhali yeye ndiye ajuaye taa ipi hukesha na pasi huwashwa lini. Haikutimia miaka miwili betri ikafa, na ada ikabidi tukaikope kwa shemeji.

Paneli haikuwa na kosa. Betri ya gari huundwa ili itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini. Ukiitumia kila usiku hadi ikaribie kuisha, huharibika upesi. Betri za sola, hasa za lithiamu, ni ghali zaidi mwanzoni, lakini hustahimili matumizi hayo kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tuhesabu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Taa 5 za LED za wati 8 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 200. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 hutumia 200 nyingine. Jumla ni 400, yaani chini ya nusu uniti. Paneli ya wati 100, siku ya jua zuri, huzalisha takriban kiasi hicho baada ya kutoa kinachopotea njiani. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa tu, humaliza wati-saa 500, kuliko taa na televisheni kwa pamoja. Pasi na jiko la umeme, basi, visiingizwe katika mfumo mdogo.

Paneli hiyo itakuokolea uniti zipatazo 12 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa kwa uniti moja, kisha ugawe gharama yote ya vifaa na fundi kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi ya kurejesha fedha yako. Anayenunua mafuta ya jenereta atairejesha mapema. Aliye katika tarifa ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, atangoja sana, na huenda betri ikamfia kabla.

Ukiridhika na hesabu, mwambie fundi aelekeze paneli kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, na aiinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Asiiweke penye kivuli cha mwembe, maana kivuli kikigusa sehemu ndogo tu, umeme wa paneli nzima hupungua.

Jambo la mwisho ni malipo. Vifaa vingi huuzwa kwa mkopo. Tusome mkataba hadi mwisho, tujue kama ndani yake mna riba. Haifai kukimbia gharama ya umeme tukaangukia katika haramu. Asiye na uwezo leo aanze na kuacha israfu: kuzima taa ya chumba kitupu hakuhitaji mtaji.

Sisi tulikaa tena mwaka jana, baba, mama na watoto wakubwa, mama akiwa ameshika kalamu. Tuliandika kila kifaa na saa zake kwa wiki nzima. Hesabu ilituonyesha kwamba tuliyokuwa tukiyatamani yalizidi haja yetu. Tukanunua mfumo wa taa na televisheni peke yake, na ada za watoto hazikuguswa.

Wabillahi tawfiq.