Kobe Haombi Maji

Joto la kaskazi likishika huku Pwani, mwenye ng'ombe huitwa zizini kwa mlio, mwenye kuku huwaona wametanua midomo na kuachia mbawa, na mwenye paka hufuatwa hadi jikoni. Kobe hana sauti ya kudai. Hujisogeza chini ya mwarobaini, hurudisha shingo ndani ya gamba, akatulia. Mwenyewe hupita na ndoo yake akiamini mnyama amepumzika, kumbe ana kiu ya tangu juzi.

Nimeandika haya kwa sababu ya swali la msomaji mmoja anayefuga kobe mkubwa kwa kibali. Ameniuliza ampe maji kiasi gani kwa siku. Ndugu yangu, usimpimie. Maji yawepo saa zote, mahali anapoweza kuyafikia na miguu yake mifupi, na kila baada ya siku chache umwogeshe hata kama hujamwona akinywa. Kobe mwenye kiu huweza kumaliza lita kadhaa kwa mkao mmoja, kisha asirudi kwenye maji kwa siku nyingi. Ukipima kwa kikombe utakosea siku anayokunywa na siku asiyokunywa.

*

Wapwa wangu wameniomba niwapeleke Changuu, kile kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe, wakawaone kobe. Wengi wetu tunajua habari za jengo la gereza ambalo halikuwahi kufungiwa wafungwa, lakini asili ya kobe wenyewe haisimuliwi sana. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alipeleka Unguja zawadi ya kobe wanne wa kisiwa cha Aldabra. Walizaana vizuri, baadaye wakaibwa sana, na wale tunaowaona leo wamesalia kwa sababu walijengewa ua na kuwekewa walinzi.

Nimewaambia wapwa wasishughulike na kumlisha mchicha tu kobe wa watu. Wasubiri wamwone akinywa. Hafanyi haraka. Hutua kifua chini, hunyoosha shingo yote, akazamisha kichwa mpaka karibu na macho, kisha mwili mzima unakuwa kimya isipokuwa koo. Koo hutuna, likanywea, likatuna tena. Hanyanyui kichwa kumeza, halambi. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu, na mtu akimgusa au akimpitishia kivuli usoni huacha na kujirudisha ndani, pengine asiendelee tena siku hiyo. Kobe anayekunywa aachwe.

Kwao Aldabra ardhi ni mwamba wa chokaa uliojaa vishimo, na mvua ikinyesha hubakiza vijidimbwi vyembamba visivyotosha hata kuzamisha mdomo. Kobe wa huko wana uwezo wa kuvuta maji kwa pua. Mnyama aliyeumbiwa kunywa kijidimbwi cha namna hiyo ndiye tunayemwekea ndoo ndefu asiyoweza kuifikia, tukasema amekataa maji!

*

Chombo, basi. Kiwe kipana na cha kina kifupi, kifukiwe mpaka ukingo wake ulingane na udongo. Maji yasipite kidevu chake akiwa amesimama. Kwa kobe wa kilo 100 na zaidi beseni la plastiki halifai kitu, atalipasua siku ya kwanza. Mjengee sahani ya saruji yenye mteremko wa kuingilia na kutokea, sakafu yake iachwe ikiparuza. Vigae huteleza, na kobe aliyeteleza akapinduka ndani ya maji yuko hatarini kweli, maana mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, na akilala chali uzito wa matumbo huyakandamiza hata kabla maji hayajamfikia puani.

Maji yabadilishwe kila siku. Kobe akiingia majini hujisaidia humohumo, karibu kila mara, halafu hunywa. Wafugaji wengi hukerwa na tabia hii, lakini mimi huiona ni nafasi nzuri ya kumpima afya, na nitaeleza kwa nini.

*

Jumatano usiku nilirudia habari za safari ya Charles Darwin katika visiwa vya Galapagos, mwaka 1835. Aliona njia pana zilizokanyagwa na kobe kutoka ufukweni hadi kwenye chemchemi za milimani, wengine wakipanda na shingo zimenyooka, wengine wakiteremka wameshiba. Aliandika pia kwamba wenyeji wakizidiwa na kiu nyikani walimuua kobe wakanywa maji ya kibofu chake. Yeye mwenyewe aliyaonja, akayakuta yana uchungu kidogo tu.

Kibofu hicho ndicho kisima chake. Sisi tukishajaza kibofu hatuna la kufanya ila kukimwaga, lakini kobe huyarudisha maji yake mwilini taratibu kupitia ukuta wa kibofu, wiki baada ya wiki za ukame. Takataka za protini nazo hazihitaji maji mengi kutoka, kwa sababu mwili wake huzigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile tope nyeupe inayotoka pamoja na mkojo.

Uvumilivu huu ndio uliomponza. Mabaharia wa zamani waligundua kwamba kobe mkubwa anaweza kutupwa ndani ya tumbo la meli miezi mingi, bila jani wala tone, akabaki hai mpaka siku ya kuchinjwa. Wakawabeba kwa maelfu. Visiwa vingine vya Bahari ya Hindi vilimalizwa kabisa kobe wake, na kufikia 1874 Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakimsihi awalinde wale wa Aldabra. Inaniuma kuona kwamba hoja ya mabaharia bado inasemwa leo kwenye nyua za watu wema: kobe huyo, hata asipokunywa mwezi hafi. Kweli, hafi. Figo zake ndizo zinazolipa.

*

Sasa ile nafasi niliyoitaja. Kobe akijisaidia majini, tazama ile tope nyeupe. Ikiwa laini na inayeyuka kama chokaa iliyokorogwa, mambo ni mazuri. Ikitoka nzito, ikashikwa vidoleni ikakwaruza, mwili umeanza kubana maji. Ikiendelea hivyo, chembe hizo hushikana zikawa jiwe kibofuni, na kwa kobe mkubwa jiwe linaweza kufika ukubwa wa kutolewa kwa upasuaji wa kukata gamba la tumbo tu. Macho yaliyodidimia, mate yanayonata na kinyesi kikavu ni dalili za baadaye, na anayezisubiri amechelewa. Hapo ni kwa daktari wa mifugo moja kwa moja.

Ukavu huharibu gamba pia. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna walichapisha matokeo kuhusu vifaranga vya kobe wa Saheli, yule mkubwa kuliko kobe wote wa bara. Ilikuwa inaaminika kwamba vinundu vya mgongoni, vinavyofanya gamba lionekane limejaa vichuguu, vinaletwa na protini nyingi. Wao walikuta hewa kavu ndiyo yenye kosa kubwa. Ajabu yake hupungua ukikumbuka kwamba kobe wa Saheli, ingawa kwao ni nchi kame, hushinda ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, ambako udongo una unyevu. Wanaowalea watoto wa kobe kwenye sanduku chini ya taa kali huwanyima shimo hilo. Waogeshwe kila siku kwenye maji vuguvugu, nusu saa hivi, na wawe na kona yenye udongo mbichi.

*

Ijumaa, mchana wa jua kali. Nimeona picha ya kobe amepakiwa kwenye pikapu, amefungwa kamba, hana turubai. Katika jangwa la Mojave huko Marekani wageni hukatazwa kabisa kumnyanyua kobe wa porini, kwa kuwa akishtuka humwaga kibofu chote, na akiba ile ya msimu mzima hupotelea mchangani. Wetu wa kufugwa nao hushtuka vivyo hivyo. Kama hapana budi asafirishwe, asafiri alfajiri, afunikwe, na akishushwa cha kwanza kiwe maji kabla ya majani.

Kivuli nacho ni sehemu ya maji. Kobe aliyezidiwa na joto hutoa povu la mate akajilowesha kichwa na shingo ili apoe, yaani anatumia maji kununua ubaridi. Aldabra kobe wasiowahi mti kabla ya adhuhuri hufa kwa jua, na kule wako kwao. Uani kwako mti usipokuwepo, weka makuti, na shimo la matope liwe chini yake. Mzee, kobe wa Haller Park kule Bamburi, alipata sifa dunia nzima kwa kuandamwa na kiboko mtoto aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watu waliduwaa kuona picha zao wawili wamo bwawani. Mimi sikushangaa sehemu ya kobe: kobe wa Aldabra hupenda kulala majini na matopeni, awe na rafiki au asiwe naye.

*

Limebaki la chumvi, ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi na huku kwetu ndilo shida ya kila nyumba. Visima vingi vya Mombasa na vitongoji vyake vimeingiliwa na bahari. Maji hayo tunaogea na kufulia, hatuyanywi, na kobe huwekewa kwa kuwa ni mnyama. Figo zinazohangaika kubana maji zisiongezewe mzigo wa chumvi. Maji ya kisima yatumike kulowesha shimo la matope na kumwagia nyasi chini ya makuti. Ya kunywa na ya kuogea yawe matamu, ya bomba au ya mvua iliyokingwa, na wiki ambayo mfereji umekauka na maji yanakuja kwa mkokoteni, mtungi mmoja wa lita 20 uhesabiwe wake tangu unapoagiza.