Mtoto Akichelewa, Usingoje

Je, mwanao ametimiza miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili? Amepita miezi 18 na hajatembea? Majirani watakwambia, "Hata babake alichelewa." Usiridhike. Mpeleke apimwe.

Tangu 1984 Kenya ina vituo vya serikali vya kupima watoto kama hawa, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Ukiwa Thika, anzia hospitali kuu ya mji au ofisi ya elimu. Wewe wa Ruiru, chuo cha KISE kipo Kasarani, kandokando ya Barabara ya Thika.

Wataalamu utakaowakuta hawafanyi kazi moja. Mmoja hunyoosha viungo ili mtoto akae na kusimama. Mwingine humfunza kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Wa tatu hushughulikia usemi. Lakini kwanza masikio yapimwe, maana huenda asiyesema hasikii.

Hata hivyo, mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi tu. Siku zilizobaki ni zako. Usiondoke kabla hujaonyeshwa mazoezi ya nyumbani. Udongo uwahi ungali maji.